Habari Huanzia Kwenye Mvua

Kimaren Ngoitiko alikuwa mrefu kuliko kuruta yeyote kwenye hanga letu, na aliyetengeneza vitanda vya kambi hakumfikiria mtu wa kimo chake, kwa hiyo miezi yote ya mafunzo alilala amekunja magoti. Waliokuwa nasi humkumbuka kwa hilo: yule Mmasai mrefu wa Piyaya. Mimi namkumbuka kwa mengine. Yapo mambo katika habari yake yanayonitia hasira mpaka leo, na ubaya wa hasira hiyo ni kwamba nimezunguka kutafuta wa kumlaumu na sijampata.

Tulisoma shule moja lakini hatukuwa marafiki. Yeye alikuwa wa sayansi, mimi wa historia na Kiswahili, na watu wa sayansi walituona sisi wengine kama tuliokwenda shule kupiga soga. Tena mimi ni Mwiraqw wa Karatu. Babu zetu na babu zake walichukuliana ng'ombe na kuuana miaka mingi, na kilichobaki siku hizi ni utani. Ukimkuta Mmasai amekalia kiti chako unamwambia, mlianza na ng'ombe, sasa mmefika kwenye viti. Tulipomaliza kidato cha sita yakatoka majina ya wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na katika shule nzima ni mimi na yeye tu tuliopangiwa kambi ile ya mbali, ambayo jina lake sina haja ya kulitaja. La mgambo likilia lina jambo. Tukafunga mabegi.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta stendi ya Karatu, pale pale mama yangu Cresensia anapouzia chai na maandazi. Alikuja na mama yake. Mama huyo, Nalangu, alikuwa ameshuka kutoka Piyaya kwa ajili ya hospitali. Miguu ilikuwa imemvimba na alikuwa na kikohozi kirefu ambacho kila kikiisha humwachia pumzi ndogo ya juu juu, mpaka wewe uliye karibu unaanza kumvutia hewa. Foleni ya hospitali alikuwa ameiacha. Alisema daktari atamkuta, basi halitamkuta. Mama yangu akamwinukia, akampa kigoda chake na kikombe cha chai, akakataa kupokea hela. Wale wamama wawili hawakuelewana lugha zaidi ya maneno machache ya Kiswahili, lakini walikaa wakituangalia kwa namna moja.

Basi lilipopiga honi Kimaren aliinamisha kichwa mbele ya mama yake. Ndivyo wanavyosalimia wakubwa kwao: mdogo huinama, mkubwa humgusa kichwani. Mama aliweka kiganja juu ya nywele zake, akamtemea mate kidogo mikononi kama baraka, akasema jambo moja kwa Kimasai. Tulipofika kwenye mteremko wa Mto wa Mbu nikamuuliza amesema nini. Kimaren aliona haya kidogo. "Amesema nikirudi nimletee hiki kichwa, akiguse tena."

Kambini kitu cha kwanza tulichopokonywa ni simu, cha pili ni nywele. Afande aliyetupokea alitupanga mistari, akatuambia kuanzia saa ile baba yetu ni jeshi na mama yetu ni jeshi. Makuruta wote wa nchi hii wameambiwa hivyo na hakuna aliyewahi kufa kwa kuambiwa. Lakini Kimaren alipofika kwenye kile kigoda cha kunyolea alisimama. Afande akadhani ni kiburi, akampa adhabu ya kuruka kichura kuzunguka uwanja, na aliporudi akihema akakaa, mashine ikapita.

Jioni nilimtania. Nilimwambia nilidhani Wamasai wanaogopa simba tu, kumbe na mashine ya kunyolea. Hakucheka. Akanieleza kwamba kwao mzazi akifariki watoto wake wote hunyoa kichwa, na kwamba mara ya mwisho yeye kunyolewa upara ni alipofariki bibi yake mzaa baba, ambapo mama yake alimnyoa baba yake kwanza kwa wembe, maji na maziwa, kisha akawanyoa na wao watoto ili wasimwache baba yao peke yake. Sasa hapa amenyolewa mchana kweupe na mtu asiyemjua, na hakuna aliyekufa. Haikumkalia vizuri. Nikamwambia nywele ni majani, zitaota. Akasema sawa, na kwa kweli zilianza kuota.

Sitaki kusema mengi juu ya mafunzo. Mchakamchaka kabla ya jua, uji, kwata, jembe, ugali na maharage, kwata tena. Kwenye jembe Kimaren alikuwa kituko. Mimi nimezaliwa kwenye mashamba ya ngano na mbaazi, nalima huku naongea; yeye alilishika jembe kama fimbo ya kuchungia, na matuta yake yalikwenda upande kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Nilimsaidia safu zake. Yeye alinisaidia kwenye mbio, kwa sababu mimi pumzi yangu ni ya sokoni na yake ni ya nyikani. Ikawa hivyo, urafiki ukaingia bila mtu kuutangaza.

Baada ya majuma ya kwanza tukaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila Jumapili mchana. Utaratibu ulikuwa mmoja. Mnapanga mstari mbele ya ofisi. Koplo mmoja wa kike, afande Witness, anakaa mezani na simu. Unamtajia namba, anapiga, anaweka sauti ya nje, unasimama wima mbele ya meza na kuongea kwa Kiswahili, kila mtu asikie. Kilugha marufuku, kwa sababu walisema makuruta waliotutangulia walikuwa wakipanga kutoroka kwa vilugha vyao. Kila mtu dakika mbili. Zikiisha afande Witness husema, "Muda," na kukata, hata kama ulikuwa katikati ya jina la mama yako.

Kwa mtu wa Karatu dakika mbili zinatosha. Mama yangu alinipigia kelele kwamba nisiuze soksi, akaniambia mbwa amezaa, akanipa na habari za Nalangu: kwamba hospitali ilimweka siku chache, kisha wakamruhusu, daktari kasema arudi nyumbani apumzike. Nilimaliza yote hayo na bado nikabakiwa na muda wa kuomba maandazi. Nilipomwambia Kimaren kuhusu mama yake, uso ulimfunguka. Akasema kama wamemruhusu basi amepata nafuu. Mimi neno lile, arudi nyumbani apumzike, nilishalisikia likisemwa kwa babu yangu. Hilo sikumwambia.

Zamu yake ilipofika alitaja namba ya baba yake. Kule Piyaya nyumbani kwao simu haishiki. Lazima upande mlima, na mzee Ngoitiko alikuwa ameshapanda akisubiri. Sauti yake ilipotoka, Kimaren aliinamisha kichwa mbele ya simu. Mstari mzima ukaangua kicheko. Hakujali, aliendelea kuinama.

Sasa nieleze jambo ambalo asiyewajua watu hawa hawezi kulielewa. Mmasai mzima wa umri wa mzee Ngoitiko hakurushii habari kama mtu anayemwaga maji ya kufulia. Habari kwao huliwa, na huliwa kwa mpangilio. Kwanza ni amani, kila kitu ni kizuri. Kisha anaanzia mbali: mvua. Halafu majani, halafu maji ya kunywesha, halafu ng'ombe, mbuzi, majirani. Watu wa nyumbani huja mwishoni, na kama kuna baya hukaa huko huko mwishoni, baada ya msikilizaji kutulia. Kumrukia mtu na baya mlangoni ni kumpiga. Na mtoto hamkatizi baba yake wala hamuulizi la mbele, kwa sababu hapo anamfundisha mzee namna ya kusema. Haya yote Kimaren alinieleza baadaye. Siku ile mimi nilisikia tu mzee anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

Alisema kwa Kiswahili chake cha mnadani kwamba ni amani. Mvua za masika zimeondoka mapema. Majani ya bondeni bado yapo, ya juu yameanza kukauka. Maji ya kisima kile cha zamani yamepungua lakini yanatosha. Yule ng'ombe mwekundu mwenye doa tumboni... "Muda," akasema afande Witness. Akakata.

Nilimuuliza Kimaren mbona hakuuliza habari za mama. Akaniangalia kama nimemuuliza mbona hakuvua nguo. "Baba alikuwa bado yuko kwenye ng'ombe," akasema.

Jumapili iliyofuata mzee alijitahidi, nadhani hata mvua aliifupisha. Alifika kwenye mbuzi. Alikuwa akieleza kwamba wawili wamezaa mapacha, na hapo, karibu kabisa na simu, mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, kisha ile pumzi ndogo ya juu. Hata mimi niliyekuwa nyuma kwenye mstari nilikijua, nilikisikia stendi. Kimaren aliinua kichwa. Alifungua mdomo akasema, "Baba, mama..." na afande Witness akasema muda.

Mimi mjinga nikafurahi. Nilimpiga bega nikamwambia kama mama amepanda mlima, amepona huyo. Kimaren akanijibu polepole kwamba mlima ule hata mbuzi hupumzika katikati. Mama yake hakupanda. Alipandishwa. Na watu hawawezi kumpandisha mgonjwa mlimani kwenye jua la mchana ili aje asikilize habari za mbuzi. Ana neno.

Kesho yake alikwenda ofisini kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Wakamuuliza ni nani mgonjwa, akasema mama. Wakamuuliza ni nani amekwambia amezidiwa. Hapo akakwama, maana hakuna aliyemwambia. Alikuwa na kikohozi tu mkononi. Wakamwambia arudi kazini, wakisikia lolote kutoka nyumbani watamwita. Walisema kwa upole, sitawasingizia. Siku zile hakuwa anakula vizuri. Maharage yake nilikuwa nayala mimi, na kila jioni alikaa kwenye ukingo wa kitanda akisema, Jumapili nitamruka baba, Mungu anisamehe, nitamruka.

Akamruka kweli. Mzee alipomaliza tu kusema ni amani, Kimaren akasema, "Baba, nataka kuongea na mama." Tulisikia upepo ukipiga kwenye simu. Nilitega sikio nisikie kikohozi na sikukisikia. Kisha mzee akauliza, "Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama, baba."

"Basi bado," akasema mzee. Akaanza na mvua.

Kwa mara ya kwanza Kimaren hakusubiri aambiwe muda. Aliondoka mbele ya meza mzee akiwa bado kwenye majani, na afande Witness, ambaye kwa utaratibu angempa adhabu kwa kuondoka bila saluti, hakufanya kitu. Nilimkuta nyuma ya hanga. Akaniambia kwamba kwao kuna habari ambazo haziambiwi mtu aliyesimama. Nilimwambia asijitabirie mabaya. Nilimwambia subira yavuta heri. Methali hiyo sijaitumia tena tangu siku ile, na nikimsikia mtu akiitumia natamani kumuuliza ni heri ya nani.

Mtu atauliza kwa nini hawakutuma ujumbe wa maandishi. Mimi niliuliza hivyo hivyo, kwa ukali, na Kimaren akasema habari ya namna hiyo haitumwi kwa kidole. Tulikuwa wote tunaijua sasa, na wote hatuijui, kwa sababu haijasemwa. Alilima juma lile lote kuliko nilivyowahi kumwona akilima. Matuta yalinyooka.

Basi mimi nikafanya ninachokiweza, yaani kuongea. Nilizunguka mahanga nikiwaeleza makuruta wenzetu kwamba baba yake Kimaren ana habari ndefu na muda ni mfupi. Sikuwaeleza zaidi. Nilianza kwa kutoa dakika zangu mwenyewe. Aliyenishangaza ni Julius, kijana wa Dar aliyekuwa akimwita Kimaren mnara wa simu tangu siku ya kwanza, na ambaye Jumapili zake zote zilikuwa za mchumba. Alisema mchumba atanuna, na akinuna sana basi hakuwa wake. Jumapili ilipofika, mstari ulisimama mbele ya ofisi kama kawaida, lakini kila mtu aliyefika mezani alisema, "Afande, zangu mpe Ngoitiko," akapita pembeni. Afande Witness aliwaangalia watatu, wanne, akaelewa. Akaingia ofisini akatoka na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya meza.

"Kuruta, kaa," akasema.

Kuruta hakai mbele ya afande. Kimaren alisita, kisha akakaa kwenye ncha ya kiti na magoti yake yakaja juu karibu na kidevu. Simu ikaita. Mzee akauliza swali lile lile, na Kimaren akasema amekaa.

Mzee Ngoitiko akaanza. Mvua haijarudi. Majani ya bondeni sasa nayo yamekwisha, vijana wamehamisha ng'ombe kwenda upande wa juu. Kisima kimefukuliwa, maji yapo. Yule ng'ombe mwekundu mwenye doa tumboni alikuwa mgonjwa, amepona. Mbuzi walizaa mapacha, pacha mmoja alichukuliwa na fisi. Punda wote wazima. Jirani yao wa upande wa jua linakotokea amemwoza binti yake. Mwanzoni kulikuwa na watu waliokuwa wanacheka chinichini kwenye mstari, halafu kicheko kikaisha chenyewe, kila mtu akiona mzee anakuja, anasogea, anamaliza majirani, na baada ya majirani hakuna pengine pa kwenda. Julius alikuwa ameshika mdomo. Afande Witness hakuwa anaangalia saa.

"Sasa nyumbani," akasema mzee. "Nyumbani kwetu tumenyoa, Kimaren. Mimi na ndugu zako wote. Na wewe nyoa."

Kimaren alipeleka mkono kichwani. Zilikuwa zimeota kidogo, ukucha mmoja hivi. "Nilishanyolewa, baba."

"Na nani?"

"Na jeshi."

"Hiyo siyo," akasema mzee. "Nyoa tena. Na usije sasa, maliza kwanza. Yeye alisema umalize."

Jina hakulitaja, kwao aliyeondoka hatajwi jina. Wala hakusema amekufa. Lakini watu wote waliokuwa kwenye uwanja ule, wa Mwanza na wa Mtwara na wa Dar, walielewa, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Kimaren alisema ndiyo baba. Akainamisha kichwa mbele ya simu kama siku ya kwanza, akakaa hivyo hata baada ya simu kukatika. Mimi nililia. Sioni aibu kuandika hivyo. Nililia kwa sauti kuliko yeye, mpaka yeye ndiye akaniambia, Qamara, nyamaza.

Afande Witness alimwita pembeni akamwambia sasa ruhusa ipo, aandikiwe. Kimaren akakataa. Walishazika, na mama amesema amalize. Yule afande akaenda zake, na baadaye kidogo akamtuma mtu alete hangani wembe mpya na pakiti ya maziwa kutoka duka la kambi. Sijui ni nani alimwambia habari ya maziwa. Nadhani Kimaren mwenyewe.

Nilimnyoa mimi. Nilichanganya maji na maziwa kwenye kikombe cha uji, nikampaka, nikamnyoa taratibu. Aliniambia anzia kulia, nikaanzia kulia. Mwiraqw akimnyoa Mmasai kwa wembe, shingo iko wazi. Babu zetu wangetushangaa sana. Nilitaka kumtania hivyo ili acheke, nikaendelea kunyoa.

Alimaliza mafunzo. Siku ya kufunga alipiga kwata vizuri mno, mrefu pale mbele, na wazazi wa watu wengine wakampiga picha. Tukarudi pamoja. Stendi ya Karatu mama yangu alimkumbatia akalia, kisha akanipa sukari na majani ya chai, akaniamuru nimsindikize mpaka kwao, mtu haendi msibani peke yake. Tukapanda gari la Loliondo. Kwenye geti la hifadhi kulikuwa na ukungu na magari ya watalii, tukapita, tukazunguka ukingo wa kreta, tukateremka kwenye tambarare ya vumbi, na njiani tukashuka tukakodi pikipiki.

Mzee Ngoitiko alikuwa amekaa nje ya boma kwenye kigoda. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimeanza kurudi, za watoto pia. Kimaren alikwenda moja kwa moja akainama mbele yake, akampelekea kile kichwa. Mzee aliweka kiganja. Kwa kawaida ni kugusa tu na kuondoa. Yeye hakuondoa. Aliuacha mkono wake pale muda mrefu, na niliona vidole vikitembea vikitafuta mahali, na nikajua anagusa kwa niaba ya mtu mwingine.

Tukaketishwa. Na hapo, naapa, mzee akaanza na mvua. Nilikuwa na njaa, mgongo unauma kwa pikipiki, na habari yenyewe sote tunaijua. Moyoni nilisema mzee huyu ana roho ya chuma. Alisema kwa Kimasai, na dada mkubwa wa Kimaren, Nosim, alikaa karibu yangu akinitafsiria kwa sauti ndogo. Mvua, majani, kisima, ng'ombe mwekundu, punda. Kimaren alikuwa akiitikia kila kipande, taratibu, eeh, eeh. Hakukuwa na mtu wa kusema muda. Mzee akafika nyumbani.

Alisema Jumapili ile ya kwanza mama alikuwa naye mlimani. Walimpandisha kwa punda, yeye mwenyewe akitembea ubavuni amemshika asidondoke. Alikuwa amekaa hapo kwenye jiwe, mkono wake unaifikia simu. Jumapili ya pili vile vile. "Nilimpa simu kabla sijaanza," Nosim akatafsiri. "Alikataa. Alisema, maliza kwanza habari zako, mzee, mimi yangu ni fupi. Nitangoja zamu yangu."

Akafariki kabla ya Jumapili ya tatu.

Ng'ombe walikuwa wanaingia, watoto wanawapigia miluzi. Kimaren akauliza alitaka kumwambia nini. Mzee akasema haikuwa neno la kumwambia. Lilikuwa swali. Alitaka kumuuliza kama kule anakula.

Kimaren alitazama ng'ombe wakiingia. Kisha akasema, "Nilimsikia, baba."

"Ulimsikia?"

"Alikohoa."

Mzee akatikisa kichwa mara kadhaa. Akasema ndiyo, kweli, alikohoa, na akafunika uso kwa shuka. Hapo ndipo nilipoona kwamba roho yake haikuwa ya chuma hata kidogo.

Alipoufunua uso alimwomba mwanawe habari za alikotoka, maana habari haziliwi upande mmoja. Kimaren akajiweka sawa. Akasema ni amani. Akaanza na mvua: kule kambini ilinyesha mara chache, usiku. Kisha majani, yalikuwa mafupi na magumu. Maji yalikuwa ya bomba. Ng'ombe hawakuwapo, kulikuwa na shamba, na alijifunza kulima, huyu Qamara alimfundisha. Wenzake walikuwa watu wazuri. Hakuacha kitu. Alikwenda kipande kwa kipande kama baba yake, na mimi safari hii sikuona urefu, nilitamani asifike. Akafika mwisho.

"Na kule nilikuwa nakula," akasema. "Nilikuwa nashiba."